Serumu ya Mtoto Asifiwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, fagio la mpira na dumu la maji ya klori. Masera aliyesimamia idara ya watoto, maana masera ndivyo tunavyowaita watawa wa Kikatoliki hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, alinitazama kuanzia miguu hadi kichwa, kisha akauliza nilisoma mpaka wapi.

"Primeri ya tano, Masera."

"Ju ya nini uliacha?"

"Baba alikufa, kisha mama. Niko na bandugu banne nyuma yangu."

"Kwa hiyo weye njo yaya yabo." Yaya ni mzaliwa wa kwanza, yule anayefuatwa na wengine. "Basi hapa utakuwa yaya ya bote. Anza na sakafu ya kule kwa batoto ba kolera. Usishike kitu na mikono mitupu."

Tangu siku ile hakuna aliyeniita kwa jina langu hospitalini. Nilikuwa Yaya hadi nilipostaafu, na leo vijana wanaosomea kuwahudumia watoto mahututi wakija hapa kwangu Songo huniita hivyo hivyo. Wao ndio walioniomba niandike. Wanajiandaa kwa mtihani wao mkubwa, na mwalimu wao aliwaambia kwamba nililinda watoto wagonjwa sana miaka mingi bila diploma ya shule, basi nitakuwa na mambo ya kuwafundisha. Ninayo. Lakini kubwa kuliko yote nililijifunza kwa kumponza mtoto na kumharibia jina mwenzangu, na siwezi kuwaandikia mengine nikaliruka hilo.

Miaka mitatu nilipiga deki. Mtu anayepiga deki huona mengi, kwa sababu hakuna anayejificha mbele yake. Nilimwona Masera akibonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, kisha akiuachia na kuhesabu. Wekundu ukirudi upesi, aliendelea na mgonjwa mwingine. Ukichelewa mpaka anamaliza kusema tatu, alimwita dokta kwa sauti. Baadaye nilielezwa kwamba mwili ulioishiwa maji huinyima damu mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate. Niliona jinsi nyama za chini ya mbavu zinavyoingia ndani mtoto mwenye nimonia anapovuta pumzi, na jinsi mabawa ya pua yanavyocheza. Niliona pia kwamba mtoto anayelia anaweza kungoja kidogo. Wa kukimbilia ni yule aliyenyamaza.

Siku moja niliweka ndoo chini nikasema, "Masera, ule wa kitanda cha dirishani haiko sawa."

Alikuwa mtoto mwenye bwaki, ule utapiamlo unaovimbisha miguu na kupausha nywele. Masera alimgusa, akamkuta baridi na mlegevu. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka, jambo linaloweza kumuua mtoto wa bwaki upesi kuliko homa. Walimpa maji ya sukari kwa mpira wa puani, wakamfunika kifuani pa mama yake, na baada ya muda akafumbua macho.

"Ulijua namna gani?" Masera aliniuliza.

"Asubuhi alikuwa ananiangalia nikipita. Sasa haniangalie."

Wiki iliyofuata nilivuliwa glavu nene za usafi nikapewa nyembamba. Nilipelekwa kwanza kwenye chumba cha lishe, kupima maziwa ya watoto wa bwaki na kuwalisha kidogo kidogo kila baada ya saa chache. Kisha nilipelekwa Reya, chumba cha watoto mahututi, vitanda sita na mashine moja ya oksijeni. Msimamizi wa Reya alikuwa muuguzi mkuu tuliyemwita Titulere, mwanamume mrefu kutoka Bonde la Ruzizi ambaye hakupenda maneno mengi.

"Hapa hatufanyake huruma," aliniambia siku ya kwanza. "Tunahesabu. Pumzi, unahesabu. Mapigo ya moyo, unahesabu. Matone ya serumu, unahesabu. Huruma utafanya nyumbani."

Sasa, mimi kuhesabu nilijua, kugawanya sikujua. Dokta aliandika kiasi cha serumu, yale maji ya kutiwa mshipani, ambacho mtoto apate kwa saa, na muuguzi alitakiwa kukigeuza kiwe idadi ya matone kwa dakika. Titulere alinieleza mara moja, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, na saa ya mkononi sikuwa nayo. Lakini katika kwaya yetu ya Songo mimi ndiye niliyeshika pigo la ngoma, na pigo langu halikuyumba. Nilimwomba Masera saa yake ndogo aliyoibandika kifuani, na kwa siku kadhaa mchana nikakaa nayo nikilinganisha matone na nyimbo, tone moja kwa kila pigo. Wimbo wa komunyo, ulio wa polepole, ulimfaa mtoto wa bwaki. Wimbo wa kuingia kanisani ulimfaa mwenye malaria. Wimbo wa sadaka, ule wanaoucheza wakipeleka vipaji altareni, ulikuwa wa watoto wa kolera waliokauka kabisa. Masera alipima matone yangu kwa saa yake akakuta ni sawa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wenzangu walizoea. "Yaya, huyu anakunywa Komunyo ao Sadaka?"

"Komunyo. Na weye usiimbe na ile sauti yako, utamuamsha."

Nilijivunia nyimbo zangu. Kile nisichokijua ni kwa nini zilifaa. Zilifaa kwa sababu wakati ule mipira yetu yote ya serumu, tuliyoiita tibilire, ilikuwa ya watoto. Tibilire ya watoto hutoa matone madogo sana. Sitini ndiyo yanayojaza mililita moja. Ya watu wazima hutoa matone makubwa. Ishirini tu yanajaza mililita hiyo hiyo. Wimbo ule ule kwenye tibilire ya mtu mzima humpa mtoto maji mara tatu. Hilo limo katika vitabu vyenu, vijana, ukurasa wa mwanzo mwanzo. Mimi nilikaa Reya miaka sita bila kulijua, kwa sababu sikumuuliza mtu. Niliona aibu kuuliza.

Masera alipohamishwa, akaja Furaha. Alikuwa ametoka shule ya uuguzi na diploma yake, msichana mfupi mwenye kicheko cha karibu. Aligawanya hesabu kwa kalamu juu ya kiganja cha mkono wake, na kabla sijafika kwenye ubeti wa pili yeye alikuwa amemaliza. Aliniheshimu. Siku moja aliniambia kwa upole, tukiwa peke yetu tunakunja mashuka, "Yaya, kama unataka, minye naweza kukufundisha kugawanya. Ni mambo ya siku mbili."

"Minye nilikuwa hapa weye ukingali unanyonya," nilimjibu.

Alicheka akidhani natania. Sikuwa natania.

Mwaka ule Dokta Mkurugenzi alitutangazia mtihani. Wasaidizi wote tuliojifunzia kazini tungeulizwa maswali ya kuandika na ya mdomo. Atakayefaulu angepata cheti na kutambuliwa kuwa muuguzi msaidizi. Atakayeshindwa angerudi kwenye usafi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado shuleni. Nilipata daftari la maswali, nikawa natembea nalo mfukoni na kulisoma kila nilipopata nafasi, nikiruka kurasa zenye kugawanya.

Asifiwe aliletwa na mama yake kutoka Kimanga, asubuhi ya siku ya kazi ya kawaida. Alikuwa hajafika miaka miwili, kilo saba, miguu imevimba, anaharisha, macho nusu wazi. Mtoto wa namna hiyo ni mgumu kuliko wote, na mtaulizwa juu yake. Amekauka, kwa hiyo anahitaji maji. Lakini moyo wake umedhoofika kwa njaa, kwa hiyo maji mengi yatamzamisha. Dokta aliandika serumu ya polepole, na uangalizi wa karibu mpaka aweze kunywa kwa mpira wa puani. Tibilire za watoto zilikuwa zimekwisha hospitalini wiki ile. Mama Asifiwe alitumwa famasi, akarudi na ile aliyopewa, ya watu wazima.

Furaha ndiye aliyeifunga. Alihesabu kiganjani, akabana kikazio cha mpira hadi matone yakawa tisa kwa dakika, akaandika kwenye karatasi ya mtoto, matone tisa, akatia sahihi. Kisha mtoto wa kitanda cha pili akaanza kutetemeka kwa degedege, naye akakimbilia huko.

Nilipita kwa Asifiwe. Niliona matone yanaanguka kivivu. Niliangalia karatasi, nikaona tisa, nikasema moyoni, huyu msichana na diploma yake, mtoto amekauka hivi anampa tisa? Niliimba Komunyo polepole, nikafungua kikazio mpaka matone yakafuata pigo. Sikubadilisha karatasi. Sikumwambia Furaha. Nilimwambia mama, ambaye alikuwa akimfuta mtoto na hakuuona mkono wangu, "Sasa njo iko sawa," naye akanijibu, "Aksanti, Yaya."

Kisha nikakaa kwenye benchi la mlangoni na daftari langu la maswali.

Zingatieni hapa. Mtoto wa bwaki mwenye serumu huhesabiwa pumzi na mapigo ya moyo kila baada ya robo saa. Vyote viwili vikipanda pamoja, funga serumu kwanza, halafu ndipo uite mtu na kuuliza maswali. Mishipa ya shingo ikijaa, ini likishuka chini ya mbavu, pumzi ikianza kukoroma kama maji kwenye chupa, umechelewa. Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu kuhesabu. Nilihesabu mara moja tu. Furaha alikuwa bado anapambana na degedege, nami nilikuwa nasoma jinsi ya kumlinda mtoto mahututi.

Mama yake ndiye aliyeniita. "Yaya, angalia, mutoto iko anapumua mbio."

Nilipofika, midomo ilikuwa ya buluu na povu limetokea puani. Nilifunga serumu. Furaha alikuja, Titulere akaja, Dokta akaja. Walimwinua kichwa, wakampa oksijeni, wakamchoma dawa ya kutoa maji mwilini. Kabla ya saa saba mchana Asifiwe alikuwa amekufa.

Titulere aliinua chupa akaitazama. Ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Alichukua karatasi.

"Nani alifunga hii serumu?"

"Ni minye," Furaha alisema.

"Uliandika tisa. Hii ni tisa?"

Furaha aliangalia chupa, akaangalia kiganja chake, ambapo hesabu ilikuwa bado imeandikwa kwa wino. Mama Asifiwe alikuwa amesimama hapo, mtoto mikononi. Alimwambia Furaha neno moja: "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Kwenye kibaraza Furaha alinishika mkono.

"Yaya, minye nilihesabu tisa. Naapa. Weye haukugusa kile kikazio?"

"Sikugusa," nilimwambia.

Aliniachia mkono. "Basi kililegea. Sikukikaza muzuri." Na tena, kana kwamba anajisomea, "Sikukikaza muzuri."

Nimeyatafuta maneno ya kujitetea kwa miaka yote hii. Nimejiambia kwamba nilikuwa na watoto wa kulea, kwamba ningerudi kwenye ndoo, kwamba yeye alikuwa na diploma na angepata kazi mahali pengine. Wadogo zangu hawakunituma nidanganye. Nilidanganya kwa sababu sikutaka mtu ajue kwamba Yaya wa Reya hajui kugawanya.

Furaha aliitwa ofisini kwa Dokta Mkurugenzi. Mimi pia niliitwa, kama shahidi. Titulere aliniuliza kama nilimwona akihesabu. Nilisema nilimwona akihesabu haraka haraka, kisha akakimbilia kwa yule wa degedege. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfukuza. Wiki mbili baadaye nilikaa kwenye mtihani. Swali la nne liliuliza tofauti ya tibilire ya watoto na ya watu wazima. Nilikuwa nimelitafuta jibu siku ile ile aliyokufa Asifiwe, katika kurasa nilizokuwa naziruka. Niliandika vizuri. Mtahini alinipongeza mbele ya wenzangu, akasema, "Hii ndiyo elimu ya kazini." Nilipewa cheti. Nilijifunza kugawanya peke yangu, nyumbani, mdogo wangu wa mwisho akinisahihisha, na tangu hapo sikuimba tena juu ya serumu. Wenzangu walidhani nimezeeka.

Nilifanya kazi vizuri baada ya pale. Nayasema hayo bila kiburi. Niliwahesabu watoto kila robo saa mpaka wenzangu wakachoka nami. Nilifundisha wengi. Titulere alistaafu, akaja mwingine, akaja mwingine tena. Siku ya kuniaga walinipa kitenge na kiti cha plastiki chenye mikono, wakasema Yaya hajawahi kupoteza mtoto kwa uzembe. Nilipiga magoti kushukuru, uso chini.

Kisha mwaka huu wakaja hawa vijana na madaftari yao. Nikamwomba mmoja anisomee somo la serumu, nione wanafundishwa nini. Alisoma kuhusu matone, sitini na ishirini, vizuri kabisa. Halafu akasoma mfano ambao mwalimu huwapa kila mwaka: muuguzi mmoja wa hapa hapa, aitwaye Furaha, alifunga tibilire ya watu wazima bila kuhesabu, akaua mtoto. Vijana walicheka kidogo. "Kwetu mutu akikosea hesabu, tunamwita Furaha," mmoja alisema.

Nilianza na njia rahisi. Nilikwenda hospitalini nikamweleza mkubwa wa sasa. Alinisikiliza, akasema karatasi za miaka ile ziliharibika kwa mafuriko, hakuna tena faili la kusahihisha. "Mama, hayo yamekwisha. Pumzika." Nilipotoka getini nilihisi mzigo umepungua, na hapo hapo nikaona aibu kwa kuhisi hivyo.

Furaha nilimkuta Kavimvira, karibu na mpaka, anauza maharage na unga kwenye meza yake. Alinifahamu kabla sijasalimia.

"Yaya! Karibu, ikala. Umezeeka vile?"

Alinisogezea kiti, lakini nilibaki nimesimama. Nilimwambia yote, kikazio, wimbo, kibaraza, ofisi, na ule mfano ulio katika madaftari ya wanafunzi. Mteja alikuja akataka maharage vikombe viwili. Furaha alimpimia, akafunga mfuko, akamshukuru. Kisha akakaa.

"Batoto bangu wakipata homa," alisema, "minye siwashike. Ni baba yao njo anawapeleka kwa dokta. Minye nabakiaka nyumbani. Miaka yote hii nilikuwa najua mikono yangu iliua mutoto."

"Nisamehe," nilisema.

"Ngoja kwanza. Mama ya Asifiwe iko anajua?"

"Hapana."

"Basi haujamaliza. Kesho tutaenda. Tutaenda bote wawili, nataka kusikia ukimwambia."

Mama Asifiwe bado anaishi Kimanga, nyumba ya nyuma ya duka la misumari. Tulimkuta uani anachagua ndagala, vidagaa vya ziwani, kwenye ungo. Alimwona Furaha, mikono yake ikasimama. Nilisema mbele yao wote wawili kwamba aliyefungua serumu ya Asifiwe ni mimi, kwamba Furaha aliweka matone sawasawa, na kwamba nilimwachia aubebe uongo wangu.

Mama Asifiwe hakuniangalia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akamwendea Furaha.

"Minye nilikutukana kwa sokoni," alimwambia. "Mara ngapi? Nilikupigia kelele mbele ya bantu."

"Mara mbili, mama."

"Ingia. Ingia ndani, mutoto wangu."

Aliinua pazia la mlango, Furaha akainama, wakaingia, pazia likarudi. Mimi sikuambiwa niingie. Nilibaki uani karibu na ungo. Nilisikia sauti zao, si maneno. Mmoja alilia, sijui yupi. Kuku alikuja kudonoa ndagala, nikamfukuza. Nilikaa hivyo mpaka jua likawa kali kichwani.

Furaha alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alinipita, kisha akarudi hatua mbili.

"Bale banafunzi bako," alisema. "Utawaandikia?"

"Nitawaandikia."

"Usiandike muuguzi mumoja. Andika jina yangu."

Basi futeni ule mfano katika madaftari yenu, na muandike huu. Furaha, mwenye diploma, alifunga tibilire ya watu wazima kwa mtoto wa kilo saba na akahesabu matone tisa kwa dakika, na tisa ilikuwa sahihi. Yaya alifungua kikazio bila kuuliza, hakuhesabu pumzi, na alipoulizwa alisema hakugusa.